Tuta la Matete Tulilolisawazisha

Djibril, zima hiyo redio. Na wewe Asma, acha kulia, bado sijafa. Kaeni chini wanangu mnisikilize, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia neno.

Mnakijua kiwanja chetu cha Minago, kilichomezwa na ziwa pamoja na nyumba ya jirani yetu Jovita. Miaka mitatu nimewaambia, na shefu wa zoni, mkuu wa eneo letu, nikamwambia, kwamba Jovita alichimba mfereji wa bustani yake ya mboga za lengalenga, ukayaleta maji. Mkanisadiki, mkamnyima hata salamu ya amahoro, na watu wakamfukuza ufukweni. Ulikuwa uongo, na niliusema kwa uso mkavu.

Pale mbele, kati yetu na ziwa, palikuwa na tuta la mchanga lililoota matete, ambalo wazee hawakuligusa. Mimi nikataka uwanja bapa wa kuanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa sababu penye mwinamo hujikusanya upande mmoja, zikakauka juu na kuoza chini, na mchuuzi wa Bujumbura huzipindua kwa kidole tu akakuacha. Baba yenu, Mungu amrehemu, akashika jembe, mimi nikang'oa matete, tukasawazisha hata yai lisingebingirika. Jovita akasimama akasema, "Mama Djibril, umelifungulia ziwa mlango." Nikamjibu, "Wewe uliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ziwa umelijulia wapi?"

Mwaka ziwa lilipojaa, maji hayakuwa na pa kupanda; yalitembea tu, kama mgeni aliyekaribishwa. Yakamkuta Elda, mjukuu wa Jovita, wa miaka minne, kitandani na homa, yakamchukua.

Msinitazame hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nacho hicho kipo mlangoni.

Djibril, nenda kwa shefu, uyaseme haya mbele ya watu. Shamba la michikichi la mlimani, lile mnalolidharau kwa mteremko wake, ni la Jovita. Sheikh nimemuuliza, halifiki ile theluthi ninayoruhusiwa kuusia. Asma, Jovita utamwita wewe, kwa miguu, na asipokufungulia kaa nje. Msimwombe anisamehe. Mwombeni arudi.

Nikifa, juu yangu msiinue tuta. Kaburi liwe sawa na ardhi. Udongo utakaobaki utieni kikapuni, mteremke nao hadi ufukweni, mwanze nao lile tuta, mpande matete, na ndagala mzianike kwingine.

Mungu awape... nipe maji, Asma. Awape macho ya kuona mapema, wanangu. Awahifadhi.

Kikapu... kile kikubwa.