Maisha ya Dada Yetu Kipenga, na Lile Aliloagiza Lisomwe

Ndugu, jamaa, majirani, wanafunzi wa marehemu, na nyinyi wawili watatu mliokuja kuhakikisha kwa macho yenu kwamba kweli amenyamaza, tunawashukuru kwa kufika, tukaeni vizuri, maana historia hii ni ndefu kidogo, na kuna mahali mbele ni nzito, tena tumeapa kutoruka hata mstari.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kipenga, alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Juni 1966, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi mabehewa na mkewe, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto yule hakulia kama watoto wa watu, alipiga ukelele mmoja tu, treni ya asubuhi ikafunga breki ikidhani ni amri ya mkuu wa stesheni, na anayebisha akamuulize dereva wa treni ile, ingawa naye alishatangulia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1974 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza la saba Novemba 1980, na kwa mbio alikuwa hatari, akikimbia upepo unabaki nyuma unauliza njia, ila alama zake za hesabu heshima ya siku ya leo hairuhusu kuzitaja, ingawa katika kuhesabu kuanzia moja mpaka ishirini, tena kwa sauti, duniani hapa hajatokea profesa wa kumfikia.

Tarehe 2 Februari 1983 aliajiriwa kiwanda cha sabuni, idara ya kufungasha, akasimama kwenye mkanda wa mashine miaka kumi na tatu, na ni pale alipoona wenzake wanaenda nyumbani wamepinda migongo kama ndoana, akaanza kuwanyoosha dakika kumi kila mapumziko, msimamizi akafoka, "We binti, hapa tunatengeneza sabuni au wanasarakasi?", naye akamjibu, "Bosi, hata wewe hicho kitambi njoo tukiangalie," na baada ya wiki mbili msimamizi mwenyewe alikuwa anashika vidole vya miguu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Aliolewa Jumamosi tarehe 21 Oktoba 1989 na dereva wa lori, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, mtu mpole ambaye siku ya posa alipanda ngazi tatu akahema kama jogoo aliyekimbizwa, dada akamwambia kwanza tutafanya mazoezi, ndoa baadaye, na Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu na kijana ambaye ni fundi umeme, na wajukuu watatu, wote wanajua kuchuchumaa vizuri kuliko kusalimia.

Mwaka 1996 aliacha kiwanda akaingia jimu moja iliyokuwa zamani ghala la saruji, akaanza kwa kufagia, mwaka 1998 akapata cheti cha wiki tisa cha ualimu wa mazoezi, akakitundika sebuleni juu kuliko picha ya harusi, na kuanzia hapo mtaa mzima ulimjua kwa kile kipenga chake shingoni, ambacho akikipuliza hapa, mbwa wa mji wa pili wanasimama wima, na watu wa sukari, watu wa presha, wajawazito, wastaafu, wote walipita mikononi mwake wakatoka wanatembea kama wamepakwa grisi mpya.

Ukaja ule mwaka 2020, mwaka wa ugonjwa, jimu ikafungwa Machi, watu wakafungiwa ndani, na kwenye jengo lao la ghorofa nne ilikuwa kimya mpaka unasikia jirani anavyomeza mate, na dada yetu alikaa siku tano akiangalia watu wanavyovimba na kuogopa, siku ya sita akashuka uani na chaki, akachora duara kubwa moja moja, hatua tatu kati ya duara na duara, akawaambia wenye afya washuke wachache kwa zamu na wengine wasimame kwenye roshani zao, akapuliza kipenga saa moja kasoro asubuhi, mzee wa ghorofa ya nne akachungulia na shuka kiunoni akauliza, "Kwani vita imeanza?", dada akamwambia, "Imeanza zamani mzee, wewe ndiye umechelewa, nyanyua mikono."

Zahanati ya mtaa ilipoona daktari akitangaza watu hawasikii, lakini Kipenga akisema wanasikia, walimwita, muuguzi mkuu akamfundisha, na yeye kila asubuhi kati ya zoezi na zoezi akawa anapenyeza maneno, fungueni madirisha, osheni mikono, barakoa inafunika pua si kidevu, wewe mwenye presha umemeza dawa, na waliojitenga vyumbani aliwapigia simu mmoja mmoja akawafundisha kupumua taratibu kwa kutumia tumbo, na wapo watu humu leo wanapumua hewa ya bure kwa sababu ya simu zile, hapo sijatia chumvi hata punje.

Sasa ndugu zangu, tumefika pale pazito.

Ghorofa ya pili aliishi fundi cherehani na mkewe, mtu wa utani, mwembamba kama uzi wake, na mwezi wa saba fundi alimwambia mkewe amepata oda ya barakoa elfu moja, atalala dukani mpaka iishe, kumbe oda hakuna, ameshikwa na homa, na siku zile nyumba ikijulikana ina homa watu huipita mbio kama inaungua, na nani tena angepeleka suruali yake ipunguzwe pale, basi akajifungia peke yake juu ya vitambaa, na aliyegundua ni dada yetu, aliyekwenda kuchukua barakoa za wanafunzi wake akamkuta anatetemeka chini ya meza, fundi akamwapisha, "Kocha, mke wangu asijue, majirani wasijue, nakuomba," naye akaapa, akampelekea uji na maji mlangoni siku nane, na homa ikashuka.

Hapo ndipo alipokosea kosa la watu wa kazi yake, maana mwalimu wa mazoezi amezoea kumwona mtu amechoka akajua ni uvivu, na tangu kiwandani dada yetu aliamini kwamba homa inatolewa kwa jasho, mabaki yake yanakamuliwa kama maji kwenye tambara, basi akamwambia fundi, "Kesho kutwa nataka kukuona kwenye roshani, tukukamue kilichobaki."

Asubuhi ya Jumatano tarehe 15 Julai 2020 fundi, aliyekwisha kurudi nyumbani akisema oda imeisha, alikuwa amekaa ndani hana nguvu, mkewe, ambaye hakujua lolote, akamtania, "Toka nje ujinyooshe, umekaa kama gunia la mkaa," akamsukuma mgongoni mpaka kwenye roshani, fundi akaanza na wenzake, katikati akakaa chini, na kutoka uani dada yetu akamwona, yeye peke yake katika watu wote wale akijua kwamba mtu huyu ametoka kwenye homa juzi, akapuliza kipenga akapaza sauti, "Fundi, simama, uvivu huo, bado ishirini!", jengo zima likacheka, fundi naye akacheka, akasimama, akamaliza zote ishirini, akainama kama mwanamuziki anayepigiwa makofi, na saa kumi jioni ya siku hiyo aliketi kwenye ngazi kupumzika, hakuinuka tena.

Muuguzi mkuu wa zahanati alikuja, akiwa kwenye ngazi zile akauliza, "Marehemu alikuwa ameugua hivi karibuni?", mke wa fundi akasema hapana, alikuwa mzima kabisa, alikuwa na oda, na dada yetu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, mwanamke ambaye sauti yake ilisimamisha treni, akanyamaza.

Siku ya tatu alikwenda zahanati, akauliza kama anayemuulizia ndugu wa mbali, muuguzi akamweleza kwamba homa ile huweza kuugusa moyo na mapafu, kwamba aliyepona apumzike kwanza mpaka dalili ziishe, aanze kwa kutembea kidogo, aongeze pole pole, na kifua kikibana au pumzi ikikata aache hapo hapo aje aonwe, na kuhusu huyo ndugu yako, muuguzi akasema, hakuna anayeweza kuapa kilichomuua, na hilo ndilo lililomtesa dada yetu kuliko yote, maana angeambiwa ni wewe angejua pa kuanzia kulia.

Asubuhi iliyofuata alitoka uani na viti sita, akawaambia watu, "Nilikuwa nawadanganya, homa haitolewi kwa jasho, aliyeumwa aseme, akae kwenye kiti, kukaa nako ni mazoezi," mzee wa ghorofa ya nne akadakia, "Leo kocha kawa daktari, kesho atagombea ubunge," watu wakacheka, lakini tangu siku ile hakuhesabu hata moja kabla ya kuuliza nani alikuwa na homa, na walimu wa mazoezi wa mitaa mingine aliwafuata kwa miguu kuwafundisha hivyo hivyo, na chanjo zilipofika alisimama kwenye foleni ya zahanati siku kumi na moja akiwanyoosha watu magoti ili wasichoke wakarudi nyumbani, ila kosa alilolikiri lilikuwa la wote, aliyelilipia hakumtaja.

Mlikuwa mnamuuliza kwa nini aligeuza darasa likatazama ukuta wa matangi ya maji badala ya jengo, akawajibu ni kwa sababu ya jua, siyo jua, alikuwa hawezi kuitazama roshani ya ghorofa ya pili, kwa sababu kila akifika kumi na tano, kumi na sita, alikuwa anamwona mtu mwembamba pale juu anainuka kutoka chini ameshika chuma, anacheka, na alipolipa jengo mgongo akaanza kumsikia, pumzi ya mtu nyuma ya kisogo chake, moja nyuma ya hesabu, kama anayejitahidi kuwafikia wenzake, na shemeji yetu anasema alikuwa akishtuka hata mezani, kijiko mkononi, anauliza, "Nani amekaa kwenye ngazi?", wanafungua mlango, hakuna mtu.

Na kilichokuwa kinamla zaidi hakikuwa mfu, alikuwa mtu aliye hai, maana mke wa fundi alianza kushuka uani kila asubuhi kwa sababu nyumba ilimshinda, akasimama duara la kwanza mbele ya dada yetu, wakawa chanda na pete, wanasukana, wanachota maji pamoja, na kila ukifika mwezi wa saba mwanamke yule anamwambia, "Shoga, ni mimi niliyemuua, mtu kakaa zake mimi nikamsukuma nje," na dada yetu anamshika mkono, anafungua mdomo, anaufunga.

Machi 2023 alianza kuumwa figo, akatibiwa hospitali ya mji, kuanzia Juni 2024 akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, akawachosha wagonjwa wenzake kwa kuwazungushisha vifundo vya miguu vitandani, na tarehe 2 Februari mwaka huu alimwita mdogo wake huyu anayewasomea, akamwambia chukua kalamu, andika mambo ya fundi yote, yasomwe siku yangu, mdogo wake akajitia busara, "Dada, yaliyopita si ndwele," akajibiwa, "Ndwele ninayo mimi, wewe andika," akaulizwa kwa nini asimwambie mwenyewe mama wa watu anayekuja kila siku na chupa ya uji, akageukia ukutani, akasema amejaribu mara mia tatu, mwoga ni mwoga tu hata akiwa na kipenga.

Alifariki dunia Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, saa tatu asubuhi, na nyumbani tulivutana, kijana wake akisema tunamwaibisha mama kwenye jeneza lake, binti akisema aibu ni kumwacha mtu mzima anabeba maiti isiyo yake, na jana alasiri tulikwenda wanne ghorofa ya pili, tukamsomea mke wa fundi karatasi hii yote, akasikiliza huku anakunja na kukunjua kitambaa, kisha akasema, "Miaka minne na miezi saba namwomba msamaha mume wangu kila ninapolala, na huyu alikuwa ananisikia," tukamuuliza tuache kusoma, akasema, "Someni, msipunguze, kumsamehe sijui bado, lakini someni watu wasikie kwamba sikujua."

Basi mmesikia, hakujua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, muuguzi mkuu wa zahanati ambaye amesikia leo jibu la swali lake, walimu wa jimu, majirani wa ghorofa zote nne, mzee wa juu na ulimi wake, madereva waliokuwa wakimpeleka hospitali, na wote mliochanga nguvu na machozi, hatuwezi kuwalipa, tunawaombea uzima.

Mke wa fundi, uji wako wote tumeukumbuka, hukumsukuma mtu kifoni, rudi nyumbani leo ulale, pumzika wewe kwanza.

Dada, subiri kidogo nyuma yake, halafu nawe upumzike kwa amani.