Mzee Mbavu na Kikombe Kilichovunjika

Ndugu waombolezaji, majirani, na wafanyakazi wa redio mliofika, poleni na msiba. Wasifu huu umeandikwa na mimi, binti pekee wa marehemu, fundi cherehani wa duka la kona. Anayewasomea ni baba yangu mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Kamati ilipokaa Jumamosi niliomba kusoma mwenyewe. Baba mdogo akasema, "Mwanangu, wewe ukisoma si tutazika kesho kutwa?" Kamati nzima ikacheka, mmoja akamwaga chai. Haya, nimeandika mimi, asome yeye. Najua hakuupitia kabla, maana nilipompelekea alitia sahihi huku anatafuta chaja ya simu. Nakala mnazo mikononi. Akiruka mstari mtamwona.

Jambo moja mlijue mapema, msije mkakaa roho juu. Mkurugenzi wa redio, yule wa mstari wa mbele mwenye miwani myeusi, amekuja na gari kuchukua kanda za vichekesho vya marehemu. Ziko thelathini na moja, na marehemu aliniachia mimi. Mkurugenzi anataka kuzirusha upya kuanzia Ijumaa. Ameniandikia, "Vichekesho vya siku hizi havichekeshi tena, watu wanamhitaji mzee." Amenipigia simu mara nne, na mara zote nimemwambia asubiri mazishini. Jibu lake limo humu, karibu na mwisho, kwa hiyo asiondoke.

Marehemu, aliyejulikana na wote kama Mzee Mbavu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi bomba na mfua nguo, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bati iliyopakana na kiwanda cha sabuni. Bibi alitusimulia kwamba alizaliwa kimya. Mkunga akamchapa makofi mawili, ndipo akatoa sauti, na chumba kizima kikacheka kwa faraja. Marehemu aliipenda sana hadithi hiyo. Alikuwa akisema, "Wenzangu wametafuta watazamaji. Mimi nilizaliwa nao."

Alianza shule Januari 1949 na kumaliza darasa la nane mwaka 1956. Alikuwa mwepesi wa kusoma na mwepesi zaidi wa kuiga. Akiwa darasa la tano alitembea nyuma ya mwalimu mkuu kwenye mstari wa asubuhi akichechemea kama yeye, hatua kwa hatua, mpaka shule nzima ikaangua kicheko na mwalimu akageuka. Alikula viboko sita. Siku ile alimwambia mdogo wake, "Sita si kitu. Umewaona walivyocheka?" Baba mdogo, ulikuwepo, tingisha kichwa wakuone. Hadithi hiyo mmeisikia mara nyingi. Ambacho hamkukisikia ni kwamba mwalimu mkuu hakusimama tena mbele ya mstari. Mpaka alipohamishwa, aliongea na wanafunzi kupitia dirisha la ofisi. Hilo nililipata kwa bibi.

Tarehe 2 Septemba 1963 aliajiriwa redioni kama mfagizi, na baada ya miaka mitatu akapandishwa kuwa mtunza kanda. Huko ndiko alikojifunza kukata kanda kwa wembe na kuiunga kwa utepe wa gundi, usisikie pale ilipokatwa. Nilipokuwa na miaka mitano alinikalisha mezani akanifundisha na mimi. Alinishika vidole viwili akasema, "Mkono ukitetemeka, subiri utulie." Nawaambia kweli, hilo ni jema alilonitendea, na namshukuru. Ufundi wangu wa nguo ulianzia pale.

Tarehe 11 Mei 1968 alifunga ndoa na mama yangu, mfungaji wa sabuni katika kiwanda cha jirani. Alimsikia kabla ya kumwona. Mama alikuwa na kicheko cha kupanda ngazi: kinaanza chini, kinapanda taratibu, kikifika juu kinakatika ghafla na yeye anatafuta pumzi. Kilipita juu ya mashine na juu ya ukuta. Marehemu aliacha ufagio langoni kwao akaenda kuuliza ni nani yule.

Ijumaa tarehe 5 Aprili 1974, saa moja na robo jioni, alirusha kipindi chake cha kwanza, Robo Saa ya Mzee Mbavu. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo mno, watazamaji hawakutosha hata wangesimama. Basi alikuwa amebeba mashine ya kurekodi hadi nyumbani, akaiwasha jikoni, na bila kumwambia mama kitu akajimwagia unga wa ngano kichwani. Mama alicheka sekunde kumi na moja. Marehemu akakata zile sekunde, akazinakili, akazipachika nyuma ya kila kichekesho kwa miaka ishirini. Mliokuwa mkicheka na redio mlikuwa mkicheka na mama yangu. Ni sauti yake pekee iliyobaki duniani.

Sasa tufike kwenye kikombe. Naona mnajiweka sawa kwenye viti.

Mimi nina kigugumizi, na mlango wangu uliokwama ni KI. Hata jina la shida yenyewe linaanza na KI. Aliyelitunga hakuwa nayo. Jumapili tarehe 20 Agosti 1978, nikiwa na miaka sita, mkuu wa redio wa wakati huo alikuja kwetu kunywa chai. Jikoni kikombe kilinitoka mkononi. Nikaenda sebuleni kuungama kama nilivyofundishwa. "Baba, ki-ki-kikombe ki-ki-kile ki-ki-kikubwa ki-ki-ki..." Wenzangu, Kiswahili hakina huruma. Ukishataja kikombe, KI inakuandama mpaka mwisho wa sentensi. Sikufika kwenye "kimevunjika". Mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Nikamtazama baba aniokoe, na baba alikuwa anamtazama mgeni.

Ijumaa iliyofuata kikombe kilikuwa redioni. Aliniiga vizuri, lazima niseme, hata pumzi aliipatia. Mwisho wake kikasikika kicheko cha mama. Kuanzia siku hiyo kila kipindi kilifungwa na kikombe, kwa miaka kumi na sita. Mlikisema nyote. Kondakta alikisema akinirudishia chenji. Mwalimu wa hesabu alikisema, akaomba radhi, akakisema tena. Mkwe wangu mtarajiwa wa kwanza alikisema mezani siku ya kuja kuniona, na ndiyo maana alibaki mtarajiwa. Nilijifunza kuomba kila kitu kwa wingi, maana VI inanitoka bila taabu. Nikitaka kiti, naomba viti. Nikitaka kitabu, naomba vitabu. Watu wakadhani nina tamaa.

Mama alikwenda kumwambia, "Baba watoto, mtoto analia nyuma ya mlango." Marehemu akajibu, "Atazoea. Mjini wote wanamjua, wangapi wana bahati hiyo?" Mama akasema, "Basi ondoa kicheko changu." Akajibu, "Kicheko ni mali ya redio."

Baba mdogo, kunywa maji uendelee.

Sokoni wanawake walimtambua kwa kicheko chake. "Ee mama, mbona unamcheka mwanao mbele za watu?" Mama aliacha kucheka. Jambo likimchekesha, alifunika mdomo kwa kanga na mabega yakatikisika bila sauti. Usiku wa Ijumaa alikuwa akinishika masikio yote mawili. Alifariki tarehe 3 Juni 1989, kwa uvimbe wa tumbo. Tulimzika Jumatatu. Ijumaa kipindi kikaendelea. Nilikaa sebuleni na nguo nyeusi, na mama yangu, siku ya nne kaburini, akanicheka. Aliendelea kunicheka mpaka tarehe 30 Desemba 1994, kipindi kilipofutwa.

Marehemu alistaafu na kiti chake kikahamia mbele ya televisheni. Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kununa. Akija kijana amefunga mto tumboni, anaanguka kutoka kwenye stuli, marehemu alisema, "Kuanguka si kichekesho, ni ajali." Kuhusu redio alisema, "Siku hizi mtangazaji anacheka kwanza yeye, halafu anasahau kusema kichekesho." Vicheko vya kupachikwa ndivyo vilivyomuudhi kuliko vyote. "Wanatudanganya! Hakuna mtu pale!" Alisema hivyo mbele yangu, uso mkavu, na mimi nikaendelea kupinda pindo la suruali. Sikubishana naye, maana alisema kweli. Vichekesho vya siku hizi havichekeshi. Lakini yule kijana wa mto anaanguka yeye mwenyewe.

Tarehe 3 Januari mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala na ulimi ukawa mzito. Hujafa hujaumbika. Siku ya tatu wodini alipata kiu, akamwita muuguzi, akaonyesha meza. "Ki... ki... ki..." Muuguzi yule, msichana mchangamfu asiye na ubaya wowote, alipiga makofi. "Jamani, Mzee Mbavu! Hata kitandani huachi vituko!" Akaita wenzake waje wasikie. Walicheka, wakampapasa bega, wakaenda kuendelea na kazi. Nilipofika saa nane mchana midomo yake ilikuwa imepasuka, na kikombe kilikuwa pale pale mezani, kimejaa. Nilikaa kitandani nikasubiri amalize neno. Ilichukua muda mrefu. Kusubiri neno najua. Alipolimaliza nilimnywesha.

Tarehe 20 Januari nilimpelekea mashine na kanda moja, nikidhani itamfurahisha. Alisikiliza robo saa nzima. Hakutabasamu hata mara moja. Ilipokwisha alinyanyua kidole cha mkono mzima, na polepole, kipande kwa kipande, akauliza, "Walikuwa... wanacheka nini?"

Nikamjibu, "Mimi, baba."

Hayana KI maneno hayo. Yalitoka safi.

Alitazama dari. Mwuza magazeti akapita, mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka, akalala tena. Ndipo marehemu akasema, "Basi ulikuwa... mzuri. Kuliko... hawa wa siku hizi." Miaka arobaini na minne nilingoja aniombe radhi, na hicho ndicho nilichopata. Alinisifu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilidhani kiu ya siku moja ingemfundisha, haikumfundisha. Sikumsamehe. Baba mdogo, rudia hapo, nadhani umemeza neno. Sikumsamehe.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Nilikuwa nimemshika mkono. Mtu anaweza asisamehe na bado akashika mkono; msiniulize zaidi.

Sasa, Mheshimiwa Mkurugenzi. Kwa siku ishirini, tangu aliponisifu hadi alipofariki, nilifunga duka saa sita, nikaweka ile mashine yake ya zamani juu ya meza ya cherehani, nikachukua wembe. Nilizipitia kanda zote thelathini na moja. Kila kilipotokea kicheko cha mama nilikikata. Kingetosha kimoja, maana ni kile kile, lakini nilivikata vyote, mia nne na sita. Mkono ulipotetemeka nilisubiri utulie. Kisha nikaviunga pamoja katika kanda moja. Mama yangu sasa anacheka saa moja na robo mfululizo, na hamcheki mtu. Kanda hiyo iko nyumbani kwangu na haitoki.

Zile thelathini na moja zimo ndani ya jeneza, miguuni pa marehemu. Vichekesho vyake vyote anavyo, hakuna nilichopunguza. Baada ya kila kichekesho hakuna anayecheka. Mwambie dereva alirudishe gari tupu, na pole kwa usumbufu.

Marehemu ameacha ndugu mmoja, ambaye sasa anatoka jasho mbele yenu, binti mmoja, na mjukuu mmoja wa kike wa miaka tisa, anayetamka KI zote za dunia hii bila kukwama. Yeye humwita babu yake "babu wa kununa", na hajui kwamba aliwahi kuchekesha. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, kamati, na wote mliokuja.

Mstari wa mwisho baba mdogo hausomi. Nipe kipaza sauti, baba mdogo, ukakae, umefanya kazi. Mstari huo una neno moja la KI, na nitalichukulia muda wake wote. Anayetaka kucheka asijizuie, tumezoeana.

Apumzike kimya.