Kumuaga Mwalimu Alois wa Vigingi

Mwalimu Alois ameitumikia serikali miaka ishirini, na tarehe 30 Juni 1913 anastaafu. Alianza kwa kuwabebea wapimaji mnyororo wa kupimia ardhi huko milimani Uluguru, mpaka akawa mwalimu wa hesabu katika shule yetu ya wapima ardhi hapa Morogoro. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, sasa ni mwenzake wa kazi.

Mtihani wa mwisho ukikaribia, hatuli mchana mpaka zoezi liishe. "Tumbo likishiba, hesabu zinalala," husema, naye hushinda njaa pamoja nasi. Hesabu iliyotutoa jasho ni ya shamba lililopindishwa na mto. Alitufundisha kulikata vipande vyembamba, upate ukubwa wa kila kimoja, kisha ujumlishe. Kadiri vipande vinavyokuwa vyembamba, ndivyo jibu linavyoukaribia ukweli. Wengi wamefaulu kwa njia hiyo.

Mwaka mmoja kabla ya Maji Maji, alitupeleka Bigwa kufanya mazoezi kwenye shamba la ukoo wao, kando ya mto, alilokuwa akililima dada yake Yuliana. Mama huyo alitupikia magimbi. Tukapigilia vigingi vya serikali, vyenye vichwa vyekundu. Jioni Mwalimu akaniachia kazi moja tu, kuving'oa.

"Kigingi kina mdomo," alinionya. "Ukikiacha, kitasema bila wewe."

Mtihani ulikuwa kesho yake, na mvua ikaanza. Nikaona bora nirudi kusoma, nitaving'oa baadaye. Aliponiuliza nikajibu, "Tayari, Mwalimu." Nikafaulu, nikashangilia, nikasahau.

Msimamizi wa shamba la mpira la jirani akavikuta, akadhani serikali imemkatia eneo lile. Akapanda miti yake. Bomani wakauliza nani aliviacha. Mwalimu alijua ni mimi, na alijua ningenyang'anywa cheti. Akasema ni yeye. Lakini miti ilikwisha pandwa, shamba halikurudi.

Yuliana alimwuliza mbele ya ukoo mzima, "Kaka, uliniletea wanafunzi au uliniletea wezi?" Tangu siku ile hapokewi Bigwa. Hata kwenye matanga ya mama yao alikaa nje ya ua. Mimi nilikuwa nakula mshahara wa cheti kile, nimenyamaza.

Siku hizi kila mtu anamwuliza, ukistaafu utalima wapi? Anacheka, anabadili maneno.

Ndugu zangu, aliyeacha vigingi ni mimi, Lukasi. Jumapili baada ya misa nitakwenda Bigwa nimwambie Mama Yuliana hivyo hivyo, mbele ya ukoo wake. Akinifukuza, nastahili.

Asante, Mwalimu, kwa hesabu ulizotufundisha, na kwa lawama uliyonibebea. Uzee wako uwe mwema. Na safari hii, ukipiga hodi Bigwa, ufunguliwe.