Transfoma ya Voula

Benchi letu liko mbele ya bekari ya Voula, mkabala na maghala ya ngano, na kila asubuhi watoto wakishapita kwenda shule utatukuta hapo, kahawa mkononi, nzi usoni. Mulgarra ni mji mdogo wa wakulima, mbali na Adelaide, jiji kuu la jimbo letu; wanasiasa huupita bila kusimama, na mvua vilevile. Kwetu jina la utani hupewa mtu kinyume chake, kwa hiyo usishangae. Kipilipili, mwalimu mstaafu, hana unywele hata mmoja kichwani. Kadogo ni mkulima wa ngano anayejaza nusu ya benchi peke yake. Mwendokasi alikuwa dereva wa malori, na akianza sentensi unaweza kwenda posta ukarudi ukamkuta katikati. Mimi wananiita Kiziwi kwa sababu hakuna linalonipita. Asubuhi ile Voula alitoka na vikombe vyetu, akavitua kwa nguvu mpaka kahawa ikamwagika, na sote tukajua kuna jambo.

— Kampuni ya nguzo za umeme wamejibu, alisema. Hawaniruhusu kuunganisha sola yangu.

— Wanakukataza kama nani? alifoka Kipilipili. Jua si la kwao!

— Jua si la kwao, waya ni wa kwao. Wanasema laini ya mtaa huu imejaa. Mchana sola zinarudisha umeme mwingi mpaka transfoma inahemewa. Nikitaka kuingia, njia ni mbili. Ama ninunue transfoma mpya ya mtaa mzima kwa hela yangu, ama nyie mliotangulia kufunga sola mkubali kupunguza kidogo mnachorudisha mchana, nami nipate upenyo.

— Transfoma ya mtaa mzima! alisema Kadogo. Huo ni wizi.

— Wizi mtupu, alisema Kipilipili.

— Wizi, nikasema na mimi.

Ile njia ya pili hakuna aliyeigusa.

— Lakini Voula, alianza Mwendokasi, na sisi tukakunja miguu kungoja. Kwani... huwezi kuutumia huo umeme... mwenyewe tu, bila kuwarudishia?

— Mwendokasi, mimi naoka saa ngapi?

— Alfajiri.

— Na jua linatoka saa ngapi?

Akafikiri. Tulimpa muda.

— Baadaye.

— Sasa! Umeme wa mchana niwauzie wao, hela hiyo inilipie umeme wa alfajiri. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote, sina nyingine. Bili ya tanuri imenifika hapa. Nikikosa kuunganishwa, Pasaka ikipita nazima tanuri. Nitaagiza pai za barafu kutoka Adelaide, niwapashie moto mle.

Akaingia ndani. Pale benchini palikuwa na msiba. Pai za Voula ni za nyama ya kondoo na pilipili manga, ukoko wake unavunjika mpaka kwenye ndevu, na Kadogo hupenda kusema kwamba mke amebadilisha mara mbili ila pai hajawahi kubadilisha.

— Pai ya barafu, alisema sasa kwa huzuni. Katikati inakuwa bado imeganda, jamani. Unang'ata jiwe.

— Tatizo ni barabara, alisema Mwendokasi. Mimi nimeendesha malori, najua. Waya ni barabara. Umeme wa mjini unakuja, wetu unakwenda, wanakutana pale kwenye nguzo ya kona, hakuna pa kupishana. Lazima mmoja arudi kinyumenyume.

— Nani anarudi?

— Mwenye lori dogo. Siku zote.

— Acha fiksi, mzee, alisema Kadogo. Barabara gani? Tazama ile mitambo ya upepo kilimani. Umewahi kuiona inazunguka siku ambayo hata jani halitikisiki?

— Nimeiona, alisema Mwendokasi.

— Inazungushwa na nini?

— Sijui.

— Na umeme! Umeme wetu! Zile ni feni, mwanangu. Zinasukuma mawingu yaende Adelaide yakanyeshee bustani zao za maua. Laini itaachaje kujaa?

— Ndiyo maana mwaka jana mvua... alianza Mwendokasi.

— Hapo sasa!

Kipilipili alicheka kile kicheko chake cha ualimu.

— Nyie mnawaza kitoto. Jua letu la mchana hawalitupi hata chembe. Wanalifungia kwenye betri kubwa chini ya ardhi, jioni wanatuuzia lilelile. Kiporo! Tunakula kiporo cha jua letu wenyewe, tena kwa bei ya chakula cha moto. Na sasa wanataka tuwalipe kwa kuwapelekea umeme saa sita mchana. Unampelekea mtu kondoo wako, anakutoza ada ya kufungua geti!

Hilo la ada lilikuwa kweli, limetangazwa hata redioni, na kwa kuwa lilikuwa kweli halikumvutia mtu.

— Na wale kasuku? alisema Kadogo, akishusha sauti. Wa kifua cha waridi, wanaotafuna nyaya. Mnadhani wamejileta? Mmoja nilimwona kwa macho yangu ana pete mguuni. Ina namba.

— Namba ya nini?

— Ya kazini, ya nini tena!

— Wanalipwa mshahara gani? nikamuuliza.

— Ngano yangu!

Wakati huo alikuwa amekuja Lupe, nesi mpya wa zahanati, mtu wa visiwa vya Tonga, akaketi kwenye kipande cha benchi alichobakiza Kadogo, anakula pai yake taratibu. Kuona tumepata msikilizaji mgeni, tukazidisha. Kadogo akajisifu kwamba yeye alijiunga mapema, kabla ya haya masharti, na ana sola juu ya nyumba, karakana, banda la kuku, mpaka kibanda cha mbwa.

— Yule mbwa, binti yangu, anarudisha umeme kuliko familia ya watu watano.

Kipilipili alisema amefunika hata paa la choo cha nje. Mwendokasi ana sola za kupashia moto bwawa la kuogelea ambamo hajaogelea mtu tangu watoto wake waolewe. Mimi nami sikutaka kubaki nyuma, nikataja zile paneli zangu za gereji, pamoja na mbili za nyongeza ambazo mke wangu bado hajaziona.

Voula akatoka kukusanya vikombe. Kadogo akakohoa.

— Voula, nauliza tu. Ukishaiweka hiyo transfoma, nafasi si itaongezeka kwa mtaa mzima?

— Itaongezeka.

— Kwa hiyo, tuseme mtu anataka kuongeza sola kidogo pale kwenye banda la kukatia kondoo sufu. Hatalipa kitu?

Voula alimtazama.

— Hatalipa kitu, Kadogo. Ndiyo sheria yao. Anayekuta laini imejaa ndiye anayebeba gharama. Wanaofuata wanaingia bure.

— Nimeuliza tu, dada.

Nikamtazama Kipilipili. Tangu msimu wa mavuno alikuwa akimhimiza Voula aombe sola, aombe haraka, akimsaidia hata kutafuta fundi, na mimi nikidhani ni roho nzuri. Mwalimu akajifanya anafuta miwani.

— Samahani, wazee wangu, alisema Lupe, akijifuta ukoko mdomoni. Mimi mgeni, labda sijaelewa. Hiyo laini imejazwa na kampuni?

— Hapana, alisema Kipilipili. Kampuni haina sola mtaani kwetu.

— Na ile mitambo ya kilimani?

— Ile ina laini yake kubwa, alikiri Kadogo. Haipiti huku.

— Kasuku je?

— Binti, usituchezee.

— Sasa imejazwa na nani?

Mwendokasi, sijui nini kilimpata, akajibu papo hapo:

— Sisi.

— Na kila mmoja akipunguza kidogo, dada huyu anaingia bila transfoma?

— Ndivyo walivyoandika, alisema Voula.

— Basi rahisi, alisema Lupe. Nani anaanza?

Kadogo alimtazama Kipilipili. Kipilipili alimtazama Mwendokasi. Mwendokasi akanitazama mimi, na mimi, Mungu anisamehe, nikayatazama maghala ya ngano. Niliona aibu, kweli, lakini nilikuwa nangoja mwenzangu aone aibu zaidi.

Voula alisimama mlangoni na sinia lake akatungoja, wala si kidogo. Mwisho akaliweka sinia chini, akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akampigia mtu wa pai za barafu kule Adelaide. Hakuwa na hasira hata chembe. Alimwuliza tu gari lake hupita Mulgarra siku gani.