Raya na Karafuu za Chini

Kabla sijakaa vizuri, namshukuru Mola aliyenirudishia mjukuu wangu. Assalamu alaikum, ndugu zangu! Mie sikusoma. Shamba langu hapa Ole nimelifyeka kwa mikono hii, sikumpigia mtu magoti. Kwa hiyo maneno laini msiyatarajie.

Raya mnamjua, mtoto wa marehemu mwanangu. Ana miaka kumi na moja. Msimu uliopita aliingia shamba la jirani kuokota mpeta, zile karafuu zilizoanguka chini, kama wanavyookota watoto wote wa Pemba. Jirani akamwita mwizi, akamburura mpaka kituoni. Polisi wakamtia chumba kimoja na wanawake wazima. Mtoto! Nafika, naambiwa, "Mzee, rudi Jumatatu."

Na nyie je? Mlikuja barazani kwangu mmoja mmoja. "Mzee Faki, tunaona muhali, haya kumuudhi mtu tunayeishi naye, yule jirani. Mwambie mtoto akubali kaiba, aombe radhi, yaishe."

Yaishe! Yeye abaki na jina la mwizi, nyie muendelee kunywa kahawa pamoja! Wallahi nililia kwa hasira, na mie si mtu wa kulia. Nikamwomba Mungu: nipe mtu mmoja tu asiyeona muhali.

Akanipa Bi Zuwena, wakili wa msaada wa kisheria kutoka mjini Chake, mwanamke mfupi, sauti kama msumeno. Kituoni aliingia hata hajakaribishwa. "Sheria inasema mtoto hachanganywi na wakubwa. Nani kamchanganya huyu?"

Wakamtoa. Usiku ule ule Raya alilala kwangu.

Kesi ikaenda mahakama ya watoto. Bi Zuwena akamuuliza jirani, "Ulipokuwa mdogo, uliokota mpeta?"

Akacheka. "Pemba hii nani hakuokota?"

"Na wewe alikukamata nani?"

Kesi ikafutwa. Alhamdulillahi!

Lakini ndugu zangu, Raya alirudi hataki kuinama. Akiona karafuu njiani, anairuka. Hasira yangu ndiyo hiyo, na haijaisha! Mtegemeeni Mungu. Akikuleteeni mtetezi wa mtoto, msimfungie mlango eti muhali.

Jana Raya kachukua pakacha. "Babu, twende wote." Tukaenda shambani kwangu. Nikainama mie kwanza, na mgongo wangu huu mbovu, nikaokota. Naye akainama.

Leteni na watoto wenu waokote. Aje mtu awaite wezi, mie nipo!