Majuma Makuu Kumi na Tisa ya Salvacion

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, msogee karibu na redio. Salvacion Catindig amefariki. Bacion wetu wa hapa mjini Lumban, mwimbaji wa opera. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na minne.

Opera mimi siijui, nisiwadanganye. Sauti ya Bacion niliijua. Alisomea kuimba Manila miaka saba. Akasimama kumbi kubwa, okestra nyuma yake, watu wanapiga makofi mpaka mikono inauma. Lakini kila Juma Kuu alirudi Lumban. Kila mwaka.

Sikieni kwa nini. Akiwa na miaka minne alishikwa na dondakoo. Pumzi ikagoma. Mama yake, Mama Sabel yule mdarizi, akapiga magoti akaweka nadhiri. Mtoto akipona, kila Juma Kuu ataimba Mateso ya Bwana humu nyumbani. Mtoto akapona. Nadhiri ikamkalia shingoni, na hakuna aliyemuuliza.

Mateso yetu mnayajua. Kitabu tunapokezana kukiimba, sauti haikatiki siku mbili, majirani wanashushia vitumbua kwa chai ya tangawizi. Bacion akipaza sauti kidogo, bibi jirani anamkatisha:

"Wewe, hapa Yesu anakufa. Acha kuringa."

"Samahani, bibi."

"Na glasi zetu usizivunje."

Akiwa na miaka thelathini na tatu, ikaja barua kutoka Italia. Wanamtaka aimbe kama mhusika mkuu. Onyesho la kwanza, Jumatano ya Juma Kuu. Akamwomba mama yake ruhusa. Dada yake mkubwa, Pasita, alikuwepo.

"Mama alikuwa anadarizi," ananiambia. "Hata kichwa hakuinua. Akasema, 'Mwanangu, siku ile huwezi kupumua, hao Waitaliano walikuwa wapi?'"

Bacion hakwenda.

Mama Sabel akafa, Bacion ana arobaini na tano. Mwaka huohuo barua nyingine. Uhusika mdogo zaidi, lakini Italia ileile, na msimu uleule wa Pasaka. Sanduku akalipanga. Akamuuliza dada yake: "Dada, mama aliacha neno lolote kuhusu nadhiri?"

Pasita akajibu: "Hakuacha."

Sanduku likafunguliwa, nguo zikarudi kabatini. Barua ya tatu haikuja.

Sasa hili linalofuata, Dada Pasita mwenyewe kaniambia nilitangaze. Kachoka kulibeba. Mama Sabel aliacha neno. Alisema, "Nadhiri ni yangu, nakufa nayo. Mwambie Bacion aende."

"Niliogopa hatarudi tena, nibaki peke yangu kwenye ile nyumba," anasema Pasita. "Nimemwambia mwezi uliopita, yuko kitandani hospitali. Hakulia. Akahesabu vidole. Vikaisha, akaanza upya. Majuma Makuu kumi na tisa. Kisha akasema, 'Dada, nipe chai.' Nikampa."

Pole, Dada Pasita. Poleni, familia ya Catindig. Sikuhukumu, dada, ila kukupamba siwezi.

Na wewe unayenisikiliza. Kama marehemu alikuachia neno la kumfikishia mtu, mpelekee. Leo, kabla hujala.

Mlango wao uko wazi, nendeni mkamuage. Jeneza wameliweka sebuleni, chini ya dirisha. Palepale alipokuwa anakaa na kitabu cha Mateso. Eti hapakuwa na nafasi nyingine.