Fundi Aliyekataa Kiti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi na marehemu. Yeye mwenyewe hakupenda kuketi, lakini leo hana ubishi.

Tunamkumbuka fundi wa vigae tuliyemwita Pimamaji, kwa kuwa jicho lake lilikishinda kile kifaa cha kupimia usawa wa sakafu. Wako wanaosema aliwahi kutandika ukumbi mzima wa shule kwa siku moja. Uongo mtupu. Nilikuwepo. Ilikuwa nusu siku, na saa moja katika hiyo alilala.

Miaka thelathini na minane alifanya kazi akiwa amepiga magoti. Goti la kulia likaisha. Lile gegedu, utando laini unaozuia mifupa isisagane, lilikuwa limechimbika shimo la ukubwa wa kifungo cha koti. Mkewe anasema akiwa jikoni alilisikia goti likipanda ngazi, mwenyewe akafuata.

Wanawe wakamnunulia kiti cha mito. Wakamwambia, baba, sasa pumzika. Akakizunguka, akauliza kama kinajua kutandika vigae.

Hospitali walikuwa wakijaribu tiba mpya, ya kuziba shimo la namna hiyo kwa hidrojeli. Ni kitu kama ute mzito uliojaa maji. Unateleza, lakini unabeba uzito. Daktari, mama mmoja asiyecheka ovyo, alimweleza wazi kwamba huenda isishike. Pimamaji akatia sahihi. Sharti lilikuwa moja: asipige goti kwa miezi mitatu. Miezi mitatu, wasikilizaji.

Wiki ya tatu alikwenda kuangaliwa. Kwenye ujia wa hospitali, mkongojo wake ukagonga kigae, kikalia kitupu. Kigae kikilia hivyo, hakijashika chini. Mtu mwingine angepita. Yeye akapiga goti, akakigongagonga kwa ufunguo wa nyumba ahakikishe. Jeli ikabanduka.

Daktari alimgombeza kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Akasema limebaki goti la chuma tu, na kazi ya kupiga magoti ndiyo basi tena. Mkewe alikuwepo, na jibu la mumewe analikumbuka neno kwa neno.

"Mama daktari, kosa ni langu. Lakini kigae kikibanduka hatubomoi nyumba. Tunakwangua chini, tunatandika upya, tunakaa mbali mpaka kishike."

"Na wewe utakaa mbali?"

"Nifungeni."

Alikataliwa. Akarudi, akakataliwa tena. Safari ya tatu daktari akakubali kumtia jeli upya, nadhani ili apate amani.

Mkewe akafungia nyundo ya mpira na mwiko kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Kila wiki walipopita kwenye ujia ule, fundi alifumba macho, mke akamwongoza. Miezi mitatu. Hakugusa sakafu.

Siku aliyoruhusiwa, alitoka chumba cha daktari moja kwa moja hadi kwenye kigae kile. Akapiga goti, goti lile lile. Akakibandua, akakwangua, akakilaza upya kwa mwiko na nyundo alivyoletewa na mkewe. Wauguzi walizunguka njia nyingine na hakuna aliyethubutu kulalamika. Kisha akainuka bila kushika ukuta.

"Sasa goti langu na sakafu yako vyote vimeshika," akamwambia daktari. Inasemekana mama yule alicheka. Hilo sikuliona, kwa hiyo huenda ni kweli.

Alifanya kazi miaka tisa zaidi. Narudia: miaka tisa. Juzi ugonjwa wa kifua ulimchukua. Bintiye alinishika mkono akasema, "Mjomba, ukizungumza redioni, waambie goti halikuhusika."

Nimewaambia.

Kwa mjane, kwa watoto, kwa mafundi wenzake, poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi.

Nanyi mnaonisikiliza, jiulizeni ni nani amewaletea kiti kabla hamjachoka. Kile cha Pimamaji nilikiona msibani. Waombolezaji walijaa hadi mlangoni, wengine wamesimama, na hakuna aliyekikalia. Bado kiko ndani ya nailoni yake.